Maswali ya Wasomaji: Mashine za Kasino nchini Uingereza na Mipaka Yake Kisheria

Barua tatu kati ya nne tunazozijibu safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Uingereza, na zote zinahusu mashine za kubahatisha zilizomo ndani ya kasino zenye leseni. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa ombi lao.

Swali: Mashine zimeongezeka. Je, ni halali?

Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya usafi usiku katika kasino moja hapa Birmingham. Tangu nianze kazi, ukumbi wetu ulikuwa na mashine 20 tu, na wasimamizi walikuwa wakituambia kwamba hata ikiongezwa moja, kasino ingekuwa imevunja sheria. Tangu mwaka 2025 mashine zimeongezwa mpaka zimezidi mara mbili ya idadi ile, na hakuna aliyetueleza kilichotokea. Je, sheria imebadilika, au mwajiri wangu anafanya jambo ambalo baadaye litatuletea matatizo hata sisi wafanyakazi wa chini?

*Msomaji, Birmingham*

Jibu: Ndugu msomaji, sheria imebadilika kweli, na wasimamizi wako hawakuwadanganya walipotaja mashine 20. Ili uweze kuona mwenyewe kama ongezeko hilo limefuata utaratibu, nitakueleza kwanza idadi ile ilitoka wapi.

Kamari katika England, Wales na Scotland inaongozwa na Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Septemba 2007. Ireland ya Kaskazini haimo, kwani huko kasino haziruhusiwi. Sheria hiyo ilikuta kasino nyingi zilizokuwa na leseni chini ya sheria ya mwaka 1968, ikaziacha ziendelee na leseni zao kwa masharti ya mpito, na moja ya masharti hayo lilikuwa kwamba kila kasino ya namna hiyo isiwe na mashine zaidi ya 20 za madaraja ya B, C na D. Mwenye kasino aliyetaka mashine nyingi zaidi ya hapo aliruhusiwa kuziweka, ila zote ziwe za madaraja ya chini ya C na D, ambayo dau lake ni dogo na zawadi yake ni ndogo. Kwa kuwa kasino nyingi za Uingereza mpaka leo ni za kundi hili la zamani, bila shaka na ya kwenu ni mojawapo.

Pamoja na hizo, sheria ya 2005 ilibuni makundi matatu mapya. Kasino ndogo zingekuwa na mashine zisizozidi 80, kwa uwiano wa mashine mbili kwa kila meza moja ya mchezo. Kasino kubwa zingekuwa na mashine zisizozidi 150, kwa uwiano wa mashine tano kwa meza moja. Kasino ya kanda ingeruhusiwa mashine hadi 1,250, zikiwemo za daraja A ambazo hazina kikomo chochote cha dau wala cha zawadi. Muswada ulipokuwa bungeni serikali ilikubali kuweka kikomo cha kasino za kanda nane, lakini upinzani ulikuwa mkali, na sheria ilipopitishwa muda mfupi kabla ya uchaguzi wa 2005 ilibaki moja tu. Jopo la ushauri lilipendekeza moja hiyo ijengwe Manchester. Mwezi Machi 2007 Baraza la Malodi, yaani bunge la juu, liliukataa mpango huo kwa kura 123 dhidi ya 120, na baadaye serikali ya Gordon Brown ikauacha kabisa. Kwa sababu hiyo hakuna mashine hata moja ya daraja A inayochezwa kihalali katika kasino yoyote ya Uingereza, ingawa daraja lenyewe bado limeandikwa katika sheria. Nayaeleza haya kwa urefu kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba mipaka ya mashine ni urasimu wa ofisini. Kura tatu ziliamua kwamba nchi ile isiwe na kasino za namna ya Las Vegas, na wabunge waliobishana walijua vizuri walichokuwa wakibishania.

Sasa nije kwenye mabadiliko unayoyaona. Mwezi Aprili 2023 serikali ilitoa waraka wa mageuzi ya kamari, na sehemu yake inayohusu mashine za kasino ilianza kutumika tarehe 22 Julai 2025. Tangu siku hiyo kasino yenye leseni ya zamani inaweza kuvuka mashine 20 na kufika hadi 80, kwa masharti. Ukumbi wake sharti utimize ukubwa uliowekwa, na ukiwa mdogo kuliko kiwango kamili, idadi ya mashine hupunguzwa kulingana na ukubwa huo. Lazima pia itengwe nafasi ambayo mteja anaweza kukaa bila kuona mchezo wowote wa kamari mbele yake. Juu ya hayo, uwiano wa mashine tano kwa meza moja lazima uzingatiwe. Kasino ndogo za sheria ya 2005 nazo zimehamishiwa kwenye uwiano huo huo wa tano kwa moja.

Ninakuomba uutazame uwiano huo kuliko kitu kingine chochote, kwa maana ndipo kiini cha suala hili kilipo. Zamani kasino ndogo iliyotaka mashine 80 ilihitaji meza 40, lakini leo inahitaji meza 16. Meza ya ruleti au ya karata ina mchezeshaji anayemwona mteja usoni, ina msimamizi anayepita nyuma yake, na mchezo wake husimama kila raundi ili dau lihesabiwe na washindi walipwe. Mashine haina lolote kati ya hayo. Kwa hiyo waliotunga sheria walipofunga idadi ya mashine kwenye idadi ya meza, kwa vitendo walikuwa wanahakikisha kwamba kasino inabaki mahali penye macho ya watu, isigeuke kuwa chumba cha mashine chenye meza mbili za kuficha sura. Binafsi naona kwamba kushuka kutoka meza 40 hadi 16 ni hatua kubwa kuliko ilivyoelezwa kwa wananchi, hata kama imefanywa kihalali.

Fahamu pia kwamba sheria inazungumzia meza zinazotumika, kwa hiyo meza iliyokunjwa stoo haihesabiki, na vilevile meza inayojiendesha yenyewe kwa mitambo bila mchezeshaji haiingii katika hesabu. Kwa upande wa pili, zile skrini ambazo mteja hukaa mbele yake akaweka dau kwenye ruleti halisi inayochezeshwa na mtu si mashine za kubahatisha kwa tafsiri ya sheria, na kwa hiyo hazimo katika zile 80. Ukihesabu vitu vyote vinavyowaka taa ukumbini unaweza kupata idadi inayozidi kikomo na bado kasino ikawa ndani ya sheria.

Ama kuhusu hofu yako ya kuingizwa matatani, wajibu wa idadi ya mashine ni wa mwenye leseni na wasimamizi wake, si wa mtu wa usafi. Hata hivyo, ukihesabu meza na mashine ukaona kwamba uwiano umevunjwa waziwazi, Tume ya Kamari iliyoko hapo hapo Birmingham hupokea taarifa za siri, na halmashauri ya jiji, ambayo ndiyo inayotoa leseni ya jengo, nayo ina mamlaka ya kuipitia upya leseni hiyo.

Swali: Je, na sisi nyumbani tuna uwiano huo?

Mhariri, hapa mtaani kwetu mashine za dubwi zimejaa kila kona, na nyingine ziko karibu na shule. Nimesikia kwamba Uingereza huhesabu mashine kwa meza. Je, sheria yetu haisemi hivyo?

*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Kanuni ya mashine kwa meza ni ya kasino za Uingereza, nayo haiwezi kutumika kupima mashine za mtaani kwako. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa chini yake hutoa leseni za aina mbalimbali: ya kasino ni moja, ya ukumbi wa mashine ni nyingine, na ya kusambaza mashine katika baa na sehemu kama hizo ni nyingine tena. Mashine unazozitaja si za kasino hata kidogo. Swali la kuuliza juu yake ni kama mwenye nazo ana leseni inayohusu mashine hizo na mahali hapo, na kama watoto wanaruhusiwa kuzigusa, maana mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki mchezo wa kubahatisha. Ukiona mtoto mwenye sare ya shule mbele ya dubwi, hapo hakuna mjadala wa leseni. Mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa, toa taarifa polisi na kwa Bodi, na utaje mahali hasa.

Wasomaji wetu wa Kenya wakumbuke kwamba sheria yao ya mwaka 1966 imepisha sheria mpya ya udhibiti wa kamari ya mwaka 2025, na kwamba mjadala wao unahitaji safu yake.

Swali: Kwa nini pauni tano kasino, na pauni mbili kwingineko?

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Leicester. Kijana wangu wa pili ana miaka 22. Alianza na michezo ya sloti kwenye simu, akaiacha akisema imewekewa kikomo, sasa anakwenda kasino na mshahara wake unaishia kwenye mashine. Nimeambiwa kwamba mashine za kwenye maduka ya kubeti hazipokei zaidi ya pauni mbili kwa mchezo mmoja, lakini za kasino hupokea tano. Ni kweli? Na je, naweza kuwaambia kasino wamzuie, au wamrudishie alichopoteza?

*Mama, Leicester*

Jibu: Marahaba, mama, na pole sana kwa mzigo huo. Uliyoambiwa ni kweli. Mashine za daraja B1, ambazo ndizo nyingi katika kasino, hupokea dau lisilozidi pauni 5 kwa mchezo mmoja, na zawadi yake ya juu ni pauni 10,000. Mashine zilizounganishwa ndani ya jengo moja kwa ajili ya jakpoti zinaweza kufika pauni 20,000. Kabla ya mwaka 2014 kikomo cha dau kilikuwa pauni 2 na zawadi pauni 4,000. Mashine za maduka ya kubeti zimekwenda kinyume chake. Daraja B2 lilikuwa likipokea hadi pauni 100 kwa mzunguko mmoja, na baada ya kampeni ndefu za familia zilizoumizwa, tarehe 1 Aprili 2019 kikomo kilishushwa hadi pauni 2.

Hoja inayotolewa kutetea tofauti hii ni kwamba kasino ina usimamizi wa karibu zaidi: mlango una walinzi, sakafu ina wasimamizi waliofunzwa, na asiyefikia miaka 18 haingii kabisa. Hoja hiyo ina uzito wake, nami siidharau. Lakini hebu tufanye hesabu pamoja. Mchezo mmoja wa mashine ya B1 hauruhusiwi kuchukua chini ya sekunde 2.5. Mtu anayebonyeza bila kupumzika anaweza basi kucheza mara 24 kwa dakika, yaani mara 1,440 kwa saa, na kwa dau la pauni 5 atakuwa amepitisha pauni 7,200 ndani ya saa moja. Tuseme mashine imeandikwa kwamba marejesho yake ni asilimia 90. Wastani wa hasara kwa kasi hiyo utakuwa pauni 720 kwa saa. Kwa dau la pauni 2 na kasi ile ile ingekuwa pauni 288. Ni kweli kwamba wachache hucheza kwa kasi hiyo saa nzima, ila kijana aliyezama katika mchezo ndiye anayeikaribia kuliko wote, na kwa maoni yangu kikomo kinapaswa kuwekwa kwa kumfikiria yeye.

Hiyo asilimia ya marejesho sheria inataka ionyeshwe kwenye mashine, na watu wengi huisoma vibaya. Asilimia 90 haimaanishi kwamba anayeingia na pauni 100 ataondoka na 90. Ni wastani wa michezo mingi mno ya wachezaji wote, na kwa kuwa mtu huzungusha tena kile alichoshinda, ile kumi inayokatwa hukatwa tena na tena mpaka mfuko unabaki mtupu.

Katika barua yako kuna jambo lililonigusa, nalo ni lile la kijana kuiacha simu kwa sababu ya kikomo. Tangu tarehe 9 Aprili 2025 sloti za mtandaoni zina kikomo cha pauni 5 kwa mchezo, na tangu tarehe 21 Mei 2025 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 wamewekewa kikomo cha pauni 2, kwa kutambua kwamba umri huo una hatari zaidi. Katika kasino hakuna ngazi hiyo. Mtoto wako mwenye miaka 22, ambaye kwenye simu sheria inamlinda kwa pauni 2, akivuka mlango wa kasino anahesabiwa sawa na mtu wa miaka 50. Naona hili ni pengo la kweli katika sheria, na mbunge wa eneo lako ni mtu wa kuandikiwa juu yake. Barua ya mama yenye maelezo kama haya ina nguvu kuliko makala yangu.

Kuhusu kumzuia, mzazi hana haki ya kisheria ya kumfungia mtu mzima mlango wa kasino. Mwenyewe ndiye anayeweza kujiandikisha katika mpango uitwao SENSE, unaohusu kasino za Uingereza kwa pamoja, na akishajiandikisha hawezi kurudi kwa kipindi kisichopungua miezi sita. Hata hivyo, mwenye leseni anao wajibu wa kumtambua mteja anayeonyesha dalili za kuumia na kuchukua hatua. Kwa hiyo waandikie kasino, taja tarehe na yale uliyoyaona, na utunze nakala ya barua hiyo. Hawatakupa taarifa zake, kwa sababu ni mtu mzima, lakini hawataweza kusema baadaye kwamba hawakuambiwa.

Fedha iliyopotea hairudishwi kwa sababu tu imepotea. Mahali ambapo sheria ya 2005 inasema waziwazi kwamba dau lirudishwe ni pale aliyecheza anapokuwa chini ya miaka 18. Ikithibitika kwamba kasino ilipuuza wajibu wake, Tume inaweza kuiadhibu, na familia inaweza kulalamika kwa njia nitakayoieleza katika jibu linalofuata.

Kuhusu mikopo, jua kwamba ni kosa kuweka mashine iliyotengenezwa kupokea malipo ya kadi ya mkopo. Mashine ya kutolea fedha za benki ikiwemo katika jengo, sharti iwekwe mahali ambapo mteja atalazimika kuuacha mchezo ili kuifikia. Ni kipengele kidogo, lakini nakithamini, kwa maana zile hatua za kutoka kwenye kiti kwenda kuchukua fedha nyingine zimewapa watu wengi nafasi ya kuahirisha. Ukipita siku moja ukaona mteja anatoa fedha bila kuinuka, hiyo ni taarifa ya kupeleka halmashauri. Simu ya taifa ya msaada wa kamari ni 0808 8020 133. Ni bure, hufanya kazi saa zote, na wewe kama mzazi unaruhusiwa kuipiga hata kama kijana hayuko tayari.

Swali: Mashine ilionyesha nimeshinda, kasino ikakataa

Ndugu Mshauri, mwezi uliopita mashine katika kasino ya hapa Cardiff ilionyesha kwamba nimeshinda pauni 10,000, kisha ikazima. Msimamizi alisema ni hitilafu na kwamba nitarudishiwa dau langu tu. Je, naweza kwenda mahakamani?

*Msomaji, Cardiff*

Jibu: Unaweza, kwa sababu sheria ya 2005 ilifuta kanuni ya zamani iliyofanya deni la kamari lisidaiwe mahakamani. Lakini usianzie huko. Masharti ya kasino karibu zote yanasema kwamba hitilafu ya mashine hubatilisha mchezo, kwa hiyo kinachobishaniwa ni kama kweli palikuwa na hitilafu, na ushahidi wake umo ndani ya mashine yenyewe pamoja na picha za kamera. Andika leo malalamiko rasmi kwa kasino. Taja saa, namba ya mashine, dau uliloweka na maneno uliyoambiwa, kisha uwaombe kwa maandishi wahifadhi kumbukumbu za mashine na picha za usiku ule, maana picha za kamera hazitunzwi milele.

Msipoelewana ndani ya wiki nane, una haki ya kulipeleka suala kwa chombo huru cha usuluhishi ambacho kasino inalazimika kukutajia, na huduma yake ni bure kwa mteja. Tume ya Kamari haiamui nani alipwe nini katika ugomvi wa mtu mmoja mmoja, ingawa hupenda kujua mashine gani inaleta ugomvi. Wakati huo wote usiipokee hundi ya kurudishiwa dau kwa kusaini karatasi inayosema kwamba suala limekwisha. Ukilazimika kuipokea, andika kando ya saini yako kwamba madai yako ya zawadi bado yapo.